Uzi: Kuchagua na kuunga modeli ya kifaru ya zamani kwa bei nafuu (T-34/76 yangu, skeli 1/35)

Kalibu35 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Tangu niweke ile picha ya kifaru kwenye uzi wa mambo ya ufundi, watu wanne wamenifuata pembeni na swali lile lile: nianze na seti gani, na hizi za zamani za bei ndogo zina maana au ni kutupa hela? Nimeona nijibu hapa ili faida iwe ya wote. Nitaandika kwa vipande kadiri kazi inavyokwenda.

Msimamo wangu nauweka mapema. Seti ya zamani inafaa, tena inafundisha kuliko mpya yenye vipande elfu moja. Ila usiichague kwa uzuri wa picha ya boksi. Ichague kwa kutazama minyororo ya kifaru chenyewe.

Skeli ya 1/35, yaani modeli ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi, ilienezwa na Tamiya, kampuni ya Kijapani ya mji wa Shizuoka. Hiyo 35 haikutoka kwenye hesabu ya mhandisi yeyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitaka kutoa Panther ya Kijerumani inayotembea kwa mota, wakapanga ukubwa wa bodi kufuata betri zilizotakiwa kukaa ndani. Kilipokamilika kikawa takriban 1/35, wengine wakafuata, na leo ndiyo skeli kuu ya vifaru.

Kwa sababu ya mota, seti nyingi za miaka ile na zilizofuata zimebeba alama mbili. Chini ya bodi kuna matundu ya swichi na gia. Na minyororo ni mkanda mmoja wa plastiki laini kama raba, maana ilitakiwa kuzunguka kweli. Matundu yanazibwa kwa nusu saa. Mkanda ndio wenye shughuli: unavutika, unakaa kama mkanda wa cherehani, wakati mnyororo wa kifaru halisi ni chuma kizito kinacholala kwa uzito wake.

Kwa hiyo jiulize kifaru unachokitaka kina mnyororo wa namna gani. Matilda ya Waingereza ina sahani za chuma ubavuni, sehemu yote ya juu ya mnyororo imefichwa, hakuna atakayeona mkanda wako. Churchill vilevile, kwa kiasi kikubwa. Sherman na M3 Lee za Wamarekani zina rola za juu, magurudumu madogo yanayobeba mnyororo unaporudi, na mnyororo wake huwa umekazwa, kwa hiyo mkanda uliokazwa hauonekani kasoro. Lakini T-34, kifaru cha Wasovieti cha Vita vya Pili vya Dunia, haina rola hata moja ya juu. Ina magurudumu matano makubwa kila upande, na mnyororo ukirudi unayalalia, unazama kidogo katikati ya gurudumu na gurudumu. Ukiacha mkanda umekazwa, T-34 yako itaonekana toi mara moja.

Na mimi nimechagua T-34. Nakipenda kifaru hiki tangu utotoni, na mapenzi nayo yana haki yake kwenye kuchagua. Yangu ni ya Tamiya, inaonesha toleo la mwaka 1943, na kalibu yake (chuma cha kumiminia plastiki) ni ya katikati ya miaka ya 1970, bado inauzwa.

---

BintiMnazi

Kaka Kalibu, asante sana. Swali: nitajuaje seti ni ya zamani? Nimeona maboksi mapya kabisa yanang'aa, yameandikwa mwaka wa juzijuzi.

---

Kalibu35

Dada BintiMnazi, hapo ndipo hela za watu zinapopotea. Boksi linaweza kuwa la mwaka jana na kalibu ya miaka arobaini. Kampuni zinauziana na kuazimana kalibu: Revell wametoa vifaru vya Matchbox ya zamani, Italeri wametoa vya Esci. Picha mpya, rangi mpya, plastiki ndani ni ile ile. Mimi mwenyewe kuna duka moja la mtandaoni liliniuzia seti kwa bei ya kitu kipya, kumbe nilikuwa nayo tayari kwenye kabati ikiwa na jina lingine. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimejibana miezi miwili.

Kabla ya kulipa ingia tovuti ya Scalemates, andika namba ya seti, utaoneshwa nasaba yake yote: kalibu ilizaliwa lini na imepita maboksi gani. Ukiwa dukani na muuzaji akikuruhusu kufungua, geuza bodi utazame tumboni, mara nyingi mwaka umechongwa pale. Tazama pia fremu, ile miti inayoshika vipande. Kalibu iliyochoka inaacha utando mwembamba wa plastiki pembezoni mwa vipande. Ukiona utando kwenye kila gurudumu, ujue utakaa na wembe wiki nzima.

Na zamani si lazima iwe mbaya. Kuna kalibu za miaka ya 1970 zinazoshikana vizuri hata kabla ya gundi. T-34 hii ni mojawapo.

---

ChumaMsasa

Mkuu tupe vifaa. Wengine tuko mikoani, hakuna duka la hobi.

---

Kalibu35

Mkuu ChumaMsasa, hata Dar mambo ni yale yale. Seti yangu ililetwa na binamu aliyekuwa akirudi kutoka Muscat, pamoja na kichupa kimoja cha gundi nyembamba ya plastiki. Gundi ndiyo kitu pekee nisichopendekeza kubadilisha, kwa sababu inayeyusha plastiki na kuiunga iwe kitu kimoja. Supa gluu inabandika tu, lakini ina kazi zake nitakazozieleza. Fungua dirisha ukiitumia, na watoto wakae mbali.

Vingine vinapatikana mtaani. Wembe na kikata kucha cha kutolea vipande kwenye fremu. Msasa wa maji wa wapaka rangi za magari, namba 400 na 800. Bodi fila ya wanyoosha bodi za magari kwa ajili ya mianya, chukua kidogo sana. Mswaki mkuukuu, usiutupe. Kava la CD: lile gumu linalong'aa ni polistirini, plastiki jamaa ya seti yenyewe, gundi inaishika vizuri.

Kava hilo ndilo nililozibia matundu. Nilikata vipande kwa kuchora mstari na wembe mara nyingi kisha kuvunja taratibu (linapasuka ovyo ukiharakisha), nikabandika kwa ndani, nikajaza kwa fila nje, nikapiga msasa. Na kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni mpaka kifaru kimekwisha. Kwenye seti kama hizi sehemu ya bodi inayotokeza juu ya minyororo haina sakafu. Ukiinua modeli kidogo unaona mpaka ndani, boksi tupu. Nikakata vipande viwili virefu vya kava nikaziba pande zote mbili kabla ya kubandika bodi ya juu. Fanya hivyo mapema, ukishafunga bodi ni mateso.

---

Kalibu35

Naendelea, leo ni tureti, kile kichwa cha juu kinachozunguka na mzinga.

Hapa nataka niwaambie kwa nini T-34, pamoja na shida ya mnyororo, ni rafiki wa anayeanza. Mwaka 1941 Wajerumani walipoivamia nchi ya Wasovieti, kiwanda cha Kharkiv kilihamishwa kwa treni mpaka Nizhny Tagil, milima ya Ural. Chelyabinsk nako viwanda vikaunganishwa vikatoa vifaru, watu wakauita mji huo Tankograd, mji wa vifaru. Kiwanda cha Stalingrad kiliendelea kutoa T-34 hadi vita vilipofika getini kwake mwaka 1942. Kilichotakiwa ni wingi na haraka. Tureti ya pembe sita ilikuja mwaka 1942 ili kurahisisha kazi, na askari wa Kirusi waliiita nati. Ukiitazama kwa juu unaona sababu.

Tureti hiyo ilikuwa ya kusubu, chuma kilichomiminwa, na uso wake ulikuwa mparuzo. Mishono ya kuchomelea haikusawazishwa. Mpira ulipoadimika wakatoa magurudumu yenye ukingo wa chuma usio na mpira, na kifaru kimoja kikaweza kuwa na magurudumu ya aina mbili. Maana yake, mparuzo kidogo kwenye modeli yako unaweza kuwa ndio ukweli. Jaribu hayo kwenye Tiger la Kijerumani lenye sahani zilizonyooka uone utakavyoumbuka.

Plastiki ya tureti yangu ilikuwa laini mno. Nilipaka gundi nyembamba sehemu ndogo ndogo, nikasubiri sekunde chache ilainike, kisha nikaigongagonga na mswaki mkuukuu, nywele zikisimama wima, bila kusugua. Ikikauka unapata uso wa chuma cha kusubu. Nilirudia mara tatu. Acha sehemu za vifuniko, zile zibaki laini.

Mishono ya kuchomelea pembe za bodi nimeitengeneza kwa fremu yenyewe. Shika kijiti cha fremu juu ya mshumaa, kizungushe mpaka kilainike, kitoe motoni ndipo uvute taratibu. Unapata uzi mwembamba wa plastiki. Ulaze kwenye kona, pitisha gundi, subiri ulainike, kisha ukandamize kwa ncha ya wembe, alama moja moja, kama mtu anayesuka ukili. Kazi ya subira, na ndiyo niliyoifurahia kuliko zote.

Mtutu: utoboe mdomo. Pini iliyopashwa moto inaweka alama katikati, kisha ncha ya wembe unaizungusha polepole. Mzinga wa milimita 76.2 kwa skeli hii unakuwa tundu la milimita mbili na ushee. Tundu dogo kiasi hicho, lakini likiwa halipo jicho linalitafuta. Mabomba mawili ya ekzosi nyuma nayo yapewe matundu.

---

ChumaMsasa

Mkuu seti yangu ya jina lingine mtutu uko nusu mbili, umeunga una mstari katikati. Nikipiga msasa unakuwa bapa.

---

Kalibu35

Usiupige kwa urefu. Kata msasa uwe kama utepe mwembamba, uzungushie mtutu, vuta huku na huku kama mtu anayeng'arisha kiatu. Geuza mtutu robo kila mara. Na kabla ya hapo acha gundi ikae siku mbili nzima, ukiwahi mstari utazama tena baadaye.

---

BintiMnazi

Kaka minyororo jamani, tuambie minyororo. Mimi nimeshakata tamaa na yangu, gundi ya plastiki haishiki kabisa.

---

Kalibu35

Haitashika, dada, wala usijilaumu. Mkanda ni plastiki ya ukoo mwingine. Ndiyo maana maelekezo ya zamani yanasema upashe bisibisi moto uzipondeponde zile pini ndogo mwishoni zishike ncha nyingine. Njia hiyo bado inafanya kazi, ila jaribu joto kwenye kipande cha fremu kwanza. Mimi niliunga kwa supa gluu, kisha nikapitisha uzi wa nailoni mara mbili kwa ndani. Maungio yaelekee chini, yafichwe na gurudumu.

Jambo la hatari ambalo wenye seti zilizokaa miaka mingi walijue: mkanda laini una mafuta ya kulainishia ndani yake, na ukigusana na plastiki ngumu kwa muda mrefu unaweza kuiyeyusha. Magurudumu yanaliwa. Ukinunua seti ya zamani toa mkanda uutie kwenye mfuko wake peke yake siku hiyo hiyo. Wakati wa kuunga hakikisha magurudumu yamepakwa rangi kamili kabla hayajagusana nao.

Sasa kuulaza. Hapa ndipo T-34 inapozaliwa au kufa. Magurudumu yote yakiwa yamekauka kabisa kwenye ekseli zake, vaa mkanda. Sproketi ya T-34, gurudumu linalosukuma mnyororo, iko nyuma na haina meno ya nje kama ya pikipiki, ina rola ndani yake zinazosukuma zile pembe zinazosimama upande wa ndani wa mnyororo. Pembe zipo kwenye kila pingili ya pili. Zipite katikati ya magurudumu, usizilazimishe upande. Halafu weka tone dogo la supa gluu juu ya gurudumu la pili, la tatu na la nne, shusha mkanda, na usokomeze vipande vya sifongo kati ya mkanda na bodi ya juu ili uubane chini. Acha usiku kucha. Asubuhi toa sifongo, kisha fanya gurudumu la kwanza na la tano.

Mkanda wangu ulikuwa umebana kidogo, ukawa unavuta sproketi mpaka ekseli inapinda. Nilichofanya ni kuuchovya kwenye maji ya moto, kuunyoosha pole pole kwa vidole, kisha maji baridi. Ukapata milimita chache na ndizo nilizozihitaji. Nilipotoa sifongo na kuona ule mnyororo umelala juu ya magurudumu, umezama kidogo katikati, nilimwita mke wangu aje aangalie. Urefu wote ni kama sentimita 19 tu, lakini pale mezani kilikuwa na uzito wa tani thelathini.

---

MtotoWaKeya

Kalibu35, nimesoma toka mwanzo kimya kimya. Mimi sijawahi kuunga chochote. Babu yangu alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles ya Waingereza, alipigana Burma, alirudi na kofia na kifua kibovu. Nataka kitu cha kuweka karibu na picha yake. Je, kuna kifaru kinachohusiana na vita vile? Sitaki kuweka uongo pembeni ya mzee.

---

Kalibu35

Ndugu yangu, pole, na Mungu amrehemu mzee. Umeuliza swali zito kuliko yote kwenye uzi huu, nijibu kwa uangalifu.

Jeshi la 14 la Waingereza, ambalo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ndani yake, lilitumia M3 Lee Burma. Kwingine kifaru hicho kilikuwa kimeshapitwa na wakati, lakini kule kiliendelea kupigana, na mwaka 1944 kilikuwepo kwenye mapigano ya Imphal na Kohima. Divisheni ya 11 iliteremka bonde la Kabaw mwaka huo huo katikati ya masika ya kule, tope na malaria, mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Sitakuambia kwamba babu yako alitembea ubavuni mwa Lee, hilo linategemea kikosi chake. Lakini ni kifaru cha jeshi lake na cha vita vyake. Hutakuwa umeweka uongo.

Na kwa bahati njema Lee ni chaguo zuri kwa anayeanza. Tamiya wanayo ya miaka ya 1970, bei yake ni ndogo kuliko hizi mpya zenye injini na viti vya ndani. Ni kifaru cha ajabu kukitazama: mzinga mkubwa wa milimita 75 uko ubavuni kulia, na mwingine wa milimita 37 uko juu kwenye tureti. Mnyororo wake, kama nilivyosema, umekazwa na una rola za juu, kwa hiyo huna haja ya sifongo wala matone. Vaa tu, unga, basi.

Kama mzee alikuwa na kitabu chake cha utumishi, tazama namba ya batalioni. Ukiijua utaweza kufuatilia walikopita.

---

ChumaMsasa

Heshima kwa mzee. Endelea na rangi mkuu.

---

Kalibu35

Rangi sitakaa sana, kila mtu ana mkono wake. Praima ya magari ya kopo inafaa ukiipuliza mbali na kwa ukungu mwembamba, mara tatu au nne. Ukiimimina kwa pupa kiyeyusho chake kitakula plastiki. Kwa sababu hiyo hiyo usisafishie modeli kwa thina ya duka la rangi. Kijani cha Wasovieti, kinachoitwa 4BO, nilichanganya mwenyewe kwa akriliki: kijani cha zeituni na njano kidogo, nikaongeza tone la rangi nyepesi kwa sababu kitu kidogo kikipakwa rangi yake halisi huonekana cheusi.

Yangu nimeivika majira ya baridi. Kule walikuwa wanapaka vifaru chokaa nyeupe ili vifanane na theluji, na mvua na viatu vya askari vikaibandua. Nilikipaka kijani, kikakauka siku mbili, nikalowesha kwa maji pale ambapo watu hukanyaga na nyuma kwenye injini, nikanyunyiza chumvi ya mezani, ikakauka, nikapaka nyeupe juu, kisha nikaisugua chumvi kwa kidole. Chumvi inaondoka na nyeupe yake, kijani kinatokeza kwa madoa yasiyo na mpangilio. Hakuna brashi ingenipa hivyo. Osha chumvi yote, ikibaki itatoa ukungu baadaye.

Vumbi na tope nimetumia chaki za ubaoni, ya kahawia na nyeupe, nimezikwangua zikawa unga.

Stika za namba kwenye seti yangu zilikuwa zimegeuka njano. Nilizitia ndani ya mfuko wa plastiki angavu nikaubandika dirishani, jua la wiki moja likazirudisha karibu na weupe. Kabla ya kuzitia majini nilizipaka vanishi angavu, kwa sababu stika kuukuu hupasuka vipande vipande ikigusa maji.

---

BintiMnazi

Nimefanya ya sifongo jana! Gurudumu la tatu limekubali, la nne limeachia. Narudia leo. Lakini lile la tatu, kaka, nimelitazama mpaka chai imepoa.

---

Kalibu35

La nne likwangue rangi kidogo pale juu kabla ya tone, gundi ishike plastiki badala ya kushika rangi. Litakubali.

---

MtotoWaKeya

Nimempata mtu wa kuniletea Lee mwezi ujao. Na nimemuuliza mama mkubwa, kitabu cha babu kipo, kwenye sanduku la bati. Nitakwenda kijijini Jumamosi. Nikipata boksi nianze na nini?

---

Kalibu35

Usikate chochote siku ya kwanza. Osha fremu zote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mafuta ya kalibu hukataa rangi, kisha zianike kivulini. Minyororo itoe uitenge, na kama imekunjamana kwa kukaa kwenye boksi ilaze kwenye maji ya moto dakika chache inyooke. Rangi ya kifaru tutaizungumza hapa: Lee zilitoka viwandani Marekani na kijani cha zeituni kilichokolea, tope la Burma tutaliongeza juu yake. Na ukishajua namba ya batalioni ya mzee, iandike hapa hapa kwenye uzi.